Hesabu ya mchanganyiko na ya faida: somo kwa koperative za mpunga



Mwisho wa msimu, katika koperative nyingi, ulizo ni moja: "Tuliuza magunia mengi, mbona makuta haionekane?" Hapo watu wanaanza kuangaliana. Anayeshika sanduku anaonekana mwizi, mwangalizi wa depo anaonekana mwizi, na prezidenti pia. Wakati fulani mwizi yupo kweli. Lakini mara nyingi makuta hayakuibiwa na mtu. Yalipotelea kwenye kartasi, siku ile bei ilipopangwa, mbele hata kilo moja haijauzwa.

Somo hili ni juu ya hesabu mbili zinazopoteza makuta ya wakulima wa mpunga: hesabu ya kuchanganya vitu vya bei tofauti, na hesabu ya faida, yaani kuijua na kuigawa. Haziombi shule kubwa. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya anaweza kuzifanya zote. Chukueni daftari na biki, na mfanye kila hesabu pamoja nasi. Bei tunazoandika hapa ni za mfano tu, tumechagua namba nyepesi. Nyinyi mtaweka bei ya soko lenu.

Mpunga si mgeni kwetu. Uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waswahili waliokaa Nyangwe na Kasongo, na mpaka leo mchele njo unaolisha Kindu na kulipa masomo ya watoto wengi wa vijiji. Kitu kilicholimwa muda mrefu hivi kinastahili kuhesabiwa vizuri.

1. Bei ya katikati si nusu ya njia

Tuseme koperative iko na mchele wa aina mbili ndani ya depo. Mchele mzima, usiovunjika, umeigharimu 2.000 FC kwa kilo. Mchele wenye vipande umeigharimu 1.400 FC. Wanataka kuchanganya ili wapate mchele wa bei ya kati, juu wanunuzi wengi hawawezi kulipa bei ya ule mzima. Mtu mmoja anasema: "Kati ya 2.000 na 1.400 ni 1.700. Basi tuuze 1.800, tutapata faida ya 100 kwa kila kilo."

Neno hilo linaonekana sawa, na wote wanakubali. Lakini hakuna aliyeuliza: kilo ngapi za kila aina?

Ndani ya depo kuna kilo 300 za mchele mzima na kilo 100 za mchele wa vipande. Tuhesabu:

300 × 2.000 = 600.000 FC
100 × 1.400 = 140.000 FC
Jumla: kilo 400 kwa 740.000 FC
740.000 ÷ 400 = 1.850 FC kwa kilo

Gharama ya kweli ya kilo moja ya mchanganyiko ni 1.850, si 1.700. Koperative ikiuza kwa 1.800, itapokea 400 × 1.800 = 720.000 FC. Walifikiri watapata faida ya 40.000. Wamepata hasara ya 20.000, na hakuna mwizi.

Kanuni ni hii: usijumlishe bei, jumlisha makuta. Kwanza zidisha kilo za kila aina kwa bei yake. Kisha jumlisha makuta yote na kilo zote. Mwisho gawanya makuta kwa kilo. Ile "nusu ya njia" inakuwa kweli tu wakati kilo za aina mbili ziko sawasawa. Kama aina moja ni nyingi zaidi, bei inavutwa upande wake, kama vile mtumbwi unavyoinama upande wenye watu wengi.

Neno moja juu ya kipimo. Hesabu hii inataka kilo, si kopo wala bakuli. Kopo la mchele mzima na kopo la vipande hayana uzito mmoja, na kopo lililojazwa kilima halilingani na kopo lililopigwa usawa. Koperative isiyo na mizani iweke ununuzi wa mizani mbele ya ununuzi wa vitu vingine.

2. Njia ya msalaba: kilo ngapi za kila aina?

Sasa tugeuze ulizo. Mnunuzi wa Kindu anataka mchele wa kati. Mnajua kwamba gharama ya mchanganyiko haipaswi kupita 1.800 FC kwa kilo, la sivyo hakuna faida. Mtaweka kilo ngapi za mchele wa 2.000 na kilo ngapi za ule wa 1.400?

Hapa tunatumia msalaba. Andika bei mbili upande wa kushoto, moja juu na moja chini. Andika bei mnayoitafuta katikati. Kisha fuata mistari ya msalaba na utoe ndogo ndani ya kubwa:

Mchele wa 2.000: chukua tofauti kati ya 1.800 na 1.400 = sehemu 400
Mchele wa 1.400: chukua tofauti kati ya 2.000 na 1.800 = sehemu 200

400 kwa 200 ni sawa na 2 kwa 1. Kwa kila kilo 2 za mchele mzima, mtaweka kilo 1 ya vipande. Mkitaka kilo 600, ni kilo 400 za mchele mzima na kilo 200 za vipande. Tuhakikishe kwa kanuni ya kwanza:

400 × 2.000 = 800.000
200 × 1.400 = 280.000
1.080.000 ÷ 600 = 1.800 FC. Ni sawa.

Watu wengi wanajua msalaba lakini hawajui kwa nini unafanya kazi, na asiyejua sababu anageuza namba kwa urahisi. Sababu ni hii. Kila kilo ya mchele mzima inapita bei yetu kwa 200. Kila kilo ya vipande inapungukiwa na 400. Ili kinachozidi kilipe kinachopunguka, tunahitaji kilo mbili zenye kuzidi 200 kwa kilo moja yenye kupungukiwa 400. Njo maana sehemu ya kila aina inatoka kwenye tofauti ya mwenzake, si kwenye tofauti yake mwenyewe.

Kama mmesahau upande gani unaenda na namba gani, angalieni bei ya katikati: iko karibu na nani? 1.800 iko karibu na 2.000 kuliko 1.400. Basi mchele wa 2.000 lazima uwe mwingi. Kama msalaba wako unasema kinyume, umegeuza namba.

Na kumbukeni: bei mnayoitafuta lazima ikae kati ya zile mbili. Mchele wa 2.000 na wa 1.400 hauwezi kutoa mchanganyiko wa gharama ya 1.300, hata mkichanganya mpaka asubuhi.

3. Msalaba uleule kwa chakula cha kuku

Msalaba haufanyi kazi kwa bei tu. Mama wengi wanaofuga kuku wa mayai wanauliza namna ya kutengeneza chakula kwao nyumbani, juu kile cha duka kinatoka mbali na bei yake iko juu. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini karibu 16 kwa mia. Mahindi yana karibu 9 kwa mia. Soya iliyokaangwa ina karibu 37 kwa mia.

Mahindi: 37 − 16 = sehemu 21
Soya: 16 − 9 = sehemu 7

21 kwa 7 ni 3 kwa 1. Kwa kilo 100 za chakula: kilo 75 za mahindi na kilo 25 za soya. Tuhakikishe: mahindi yanaleta kilo 6,75 za protini, soya inaleta kilo 9,25. Jumla ni kilo 16 ndani ya kilo 100.

Kama kilo ya mahindi ni 800 FC na ya soya ni 2.000 FC, mfuko huo wa kilo 100 unagharimu 60.000 + 50.000 = 110.000 FC, yaani 1.100 FC kwa kilo. Sasa mama anaweza kulinganisha na bei ya duka kwa namba.

Maonyo mawili. Soya mbichi ni mbaya kwa kuku: ndani yake kuna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto njo unaokiua. Ikaangeni mbele ya kusaga. Pili, protini peke yake haitoshi. Kuku wa mayai anataka pia chokaa kwa ajili ya ganda: maganda ya konokono ao mifupa iliyochomwa na kusagwa, pamoja na chumvi kidogo. Na yule anayesema atachanganya mahindi na pumba za mchele tu, mwambieni aangalie msalaba: pumba, hata zile nzuri, hazifiki 16, na mahindi hayafiki 16. Viwili visivyofika haviwezi kufikisha.

4. Maji ni mchanganyiko pia

Mpunga mbichi ni mchanganyiko wa punje na maji, na maji hayo yanalipwa bei ya mpunga. Tuseme mmenunua kilo 100 za mpunga wenye maji 18 kwa mia. Ili ukae depo bila kuoza lazima ukauke mpaka 14 kwa mia. Utabaki kilo ngapi?

Watu wanasema: "18 kutoa 14 ni 4, basi tutabaki na kilo 96." Si hivyo. Kitu kisichobadilika ni punje kavu. Ndani ya kilo 100 kuna kilo 18 za maji na kilo 82 za punje kavu. Baada ya kuanika, kilo hizo 82 zinakuwa 86 kwa mia ya mzigo mpya:

82 ÷ 0,86 = kilo 95,3

Mmepoteza karibu kilo 4,7, si 4. Kwa gunia moja ni kidogo. Kwa tani kumi tofauti inapita kilo 60, ambazo mtu atamtafutia mwangalizi wa depo.

Sasa tuende kwenye mashini. Mashini nzuri inatoa karibu kilo 65 za mchele kwa kilo 100 za mpunga mkavu. Ile iliyochakaa inatoa chini ya hapo. Kwa kilo 95,3:

95,3 × 0,65 = karibu kilo 62

Kumbe gunia la kilo 100 mlilolipa limewapa kilo 62 za mchele. Tuandike gharama zote za gunia hilo:

Mpunga: 100.000 FC
Mashini: 6.000 FC
Moto mpaka Kindu: 9.200 FC
Mfuko na kamba: 2.600 FC
Jumla: 117.800 FC

117.800 ÷ 62 = 1.900 FC. Hii njo gharama ya kweli ya kilo moja.

Aliyesahau maji atagawanya kwa 65 na kupata karibu 1.812. Atauza kwa 1.850 na kutangaza kwamba kila gunia limeleta faida ya 2.450. Lakini atakuwa na kilo 62 za kuuza, si 65: 62 × 1.850 = 114.700. Ni hasara ya 3.100 kwa gunia. Kwa magunia 100, ni 310.000 FC. Ndipo maneno yanapoanza katika mkutano.

Kwa hiyo, kila mara koperative inaponunua mpunga, ipime tena baada ya kuanika, na ipime tena baada ya mashini. Kilo tatu ziandikwe katika daftari moja: za kununua, za kuanikwa, za mchele. Mwangalizi wa depo mwenye daftari kama hilo hawezi kusingiziwa bure, na yule mwenye mkono mrefu hana fasi ya kujificha. Msisahau pumba: zikiuzwa, makuta yake yaandikwe pia, yapunguze gharama.

5. Faida: kwa mia ya nini?

Sikilizeni maneno haya ya soko. Mfanyabiashara alinunua mchele kwa 1.600 FC, anauza kwa 2.000.

"Papa, unapata 25 kwa mia juu ya jasho letu!"

"Hapana mama, mimi napata 20 kwa mia tu."

Nani anasema uongo? Hakuna. Faida ni 400 FC. Mama ameigawanya kwa bei ya kununua: 400 ÷ 1.600 = 25 kwa mia. Papa ameigawanya kwa bei ya kuuza: 400 ÷ 2.000 = 20 kwa mia. Makuta ni yaleyale, lakini kila mmoja anapima kwa kipimo chake.

Katika koperative, chagueni kipimo kimoja na mkiandike katika daftari. Sisi tunashauri faida ihesabiwe juu ya gharama, juu ni gharama njo mliyoitoa mfukoni. Kama gharama ni 1.900 na mnataka 10 kwa mia, bei ni 1.900 + 190 = 2.090 FC.

Kuna mtego mwingine. Mmeongeza bei ya 2.000 kwa 20 kwa mia, imekuwa 2.400. Wanunuzi wamekataa, mkapunguza 20 kwa mia. Je, mmerudi 2.000? Hapana. 20 kwa mia ya 2.400 ni 480, basi mmeshuka mpaka 1.920. Mlipanda kwa 400 na kushuka kwa 480. Kila mara ukisikia "kwa mia", uliza: kwa mia ya nini?

6. Kugawa: kwa usawa ao kwa haki?

Hapa njo penye koperative nyingi kuvunjika. Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwaka wa 2012, na sheria ya koperative tunayoifuata ni ile ya OHADA iliyopitishwa Lomé, katika inchi ya Togo, mwaka wa 2010. Sheria hiyo inataka ziada ya mwaka ikatwe kwanza kwa ajili ya akiba mbili: akiba ya jumla, na akiba ya mafundisho ya wanamemba. Kila moja isipungue 20 kwa mia ya ziada, mpaka akiba hiyo ifikie kiasi cha mtaji ulioandikwa katika kanuni za koperative. Kinachobaki kinaweza kurudishwa kwa wanamemba, kila mmoja kadiri ya kazi aliyofanya na koperative. Kwa Kifaransa wanaita risturne.

Tuweke mfano. Ziada ni 1.000.000 FC.

Akiba ya jumla: 200.000
Akiba ya mafundisho: 200.000
Inabaki: 600.000 FC ya kurudisha

Vikundi vitatu vilileta mpunga: cha kwanza kilo 1.200, cha pili kilo 800, cha tatu kilo 500. Jumla ni kilo 2.500. Mzee mmoja anasimama: "Sisi wote ni ndugu. Kila kikundi kichukue 200.000, mambo iishe."

Ni neno la amani, lakini matokeo yake si amani. Tugawanye kwa kilo: 600.000 ÷ 2.500 = 240 FC kwa kila kilo.

Kikundi cha kwanza: 1.200 × 240 = 288.000
Kikundi cha pili: 800 × 240 = 192.000
Kikundi cha tatu: 500 × 240 = 120.000

Kwa "usawa" wa mzee, kikundi cha kwanza kinapoteza 88.000. Msimu unaofuata hakitasema kitu. Kitauza tu kwa mfanyabiashara wa barabarani, na koperative itabaki na mihuri na jina.

Lakini kikundi cha tatu nacho kina neno lake: mpunga wake ulikuwa mkavu na safi, wa kikundi cha kwanza ulikuja na maji. Kilo si sawa na kilo, tuliona pale juu. Njia ya kuwaridhisha wote ni kugawa kwa thamani ya mpunga, si kwa uzito peke yake. Kama koperative ililipa 900 FC kwa mpunga wenye maji, 1.000 kwa mkavu, na 1.040 kwa mkavu uliopepetwa vizuri:

Cha kwanza: 1.200 × 900 = 1.080.000
Cha pili: 800 × 1.000 = 800.000
Cha tatu: 500 × 1.040 = 520.000
Jumla: 2.400.000 FC

600.000 ÷ 2.400.000 = 0,25. Kila kikundi kinarudishiwa 25 FC kwa kila 100 FC za mpunga alioleta: 270.000, na 200.000, na 130.000. Jumla inarudi 600.000. Cha kwanza bado kinapata nyingi, maana kilileta nyingi. Cha tatu kimepata 10.000 zaidi kwa ajili ya usafi wake. Na wote wameona faida ya kuanika.

Amueni njia moja mbele ya mavuno, mkutano ukiwa mtulivu, na muiandike. Kanuni iliyopangwa baada ya makuta kuwekwa mezani inaonekana siku zote kama imepangwa kwa ajili ya mtu fulani.

Nje ya koperative, watu wakichanga makuta ya biashara, muda nao unahesabiwa. Wa kwanza ameweka 200.000 kwa miezi 6, wa pili 300.000 kwa miezi 2, wa tatu 150.000 kwa miezi 4. Zidisha makuta kwa miezi: 1.200.000, 600.000, 600.000. Ni 2 kwa 1 kwa 1. Faida ya 240.000 inagawanywa 120.000, 60.000 na 60.000. Aliyeweka nyingi hakupata nyingi, maana makuta yake hayakukaa.

7. Visivyochanganywa

Hesabu inaweza kusema ndiyo pale ambapo kazi ya shamba inasema hapana. Msichanganye mbegu za aina tofauti. Aina moja inakomaa mbele, nyingine nyuma: mkivuna mapema nusu ni kijani, mkingoja nusu inaanguka chini. Na mpunga wa urefu tofauti unavunjika sana kwenye mashini. Mbegu ikae katika mfuko wake, na jina lake na tarehe, mbali na mpunga wa kula.

Msichanganye mpunga mkavu na wenye maji mkifikiri vitasawazishana. Ule wenye maji utaanza kuoza na kuharibu mwenzake.

Na mchele uliochanganywa uuzwe kwa jina lake. Mwambieni mnunuzi: "Huu ni mchanganyiko, sehemu mbili mzima, sehemu moja vipande." Atalipa bei yake na atarudi. Kuweka mawe ao maji ndani ya gunia si hesabu ya mchanganyiko, ni wizi.

Mazoezi

Fanyeni haya pamoja, mkutano mzima, kwenye ubao. Msiache mtu mmoja afanye na wengine wakubali tu.

1. Kilo 350 za mchele wa 2.000 FC zimechanganywa na kilo 150 za mchele wa 1.600 FC. Gharama ya kilo moja ni ngapi?

2. Mnayo kilo 120 za mchele wa 1.400 FC. Mnataka mchanganyiko wa gharama ya 1.850. Mtaongeza kilo ngapi za mchele wa 2.000?

3. Mnunuzi anakataa mafuta ya ngazi yenye asidi zaidi ya 5 kwa mia. Mnayo litri 60 za asidi 3 na litri 20 za asidi 11. Mkichanganya yote, atakubali?

4. Kilo 200 za mpunga wenye maji 20 kwa mia zinaanikwa mpaka 14 kwa mia. Zitabaki kilo ngapi?

5. Ziada ni 450.000 FC. Mtakata akiba mbili za 20 kwa mia. Wanamemba watatu walileta kilo 900, 600 na 300 za mpunga wa bei moja. Kila mmoja atapata ngapi?

6. Mmoja aliweka 100.000 kwa miezi 5, mwenzake 250.000 kwa miezi 2. Faida ni 80.000. Wagawane namna gani?

Majibu

1. 700.000 + 240.000 = 940.000. Gawanya kwa 500: ni 1.880 FC.

2. Mchele wa 2.000: 1.850 − 1.400 = 450. Mchele wa 1.400: 2.000 − 1.850 = 150. Ni 3 kwa 1, basi kilo 360.

3. 60 × 3 = 180; 20 × 11 = 220; jumla 400, gawanya kwa 80: ni 5 kamili. Atakubali, lakini hakuna nafasi ya kuongeza hata litri moja ya mafuta ya zamani.

4. Punje kavu ni kilo 160. 160 ÷ 0,86 = karibu kilo 186.

5. Akiba mbili ni 180.000, inabaki 270.000. Gawanya kwa kilo 1.800: ni 150 FC kwa kilo. Watapata 135.000, 90.000 na 45.000.

6. 100.000 × 5 = 500.000 na 250.000 × 2 = 500.000. Ni sawasawa: kila mmoja 40.000 FC.

Mkimaliza mazoezi, fungueni daftari la koperative yenu la msimu uliopita na mfanye hesabu ya sehemu ya 4 kwa magunia yenu wenyewe, gharama zote zikiwa ndani. Ifanyeni mbele ya kupanga bei ya msimu huu. Kama daftari halina kilo za baada ya kuanika na za baada ya mashini, basi kazi ya kwanza ya msimu ni kuchora mistari hiyo mitatu na kumchagua mtu wa kuijaza.